Pima Kiwiliwili Kwanza, Begi la Mlimani Baadaye

Mara ya kwanza nilipopanda njia ya Morningside, juu ya mji wa Morogoro, nilikuwa na begi la lita 65 ambalo nililinunua kwa sababu lilikuwa zuri. Kijani kilichokoza, zipu zote nzima, mifuko kila upande. Nusu saa tangu tuanze kupanda, vidole vya mkono wangu wa kushoto vikaanza kufa ganzi. Mikanda ilinikata mabegani, na mkanda wa kiunoni ulikuwa umeshuka hadi juu ya makalio, haushiki kitu. Mama mmoja aliyekuwa akishuka mjini na mkungu wa ndizi kichwani alisimama akanitazama. "Mwanangu, mbona mzigo umeshuka hivyo? Upandishe."

Nikavuta kila mkanda hadi mwisho. Haukupanda. Begi lile lilishonwa kwa ajili ya mtu mwenye mgongo mrefu kuliko wangu, na hakuna kuvuta kunakoweza kuondoa tofauti hiyo.

Tangu siku ile nimeshawapima ndugu, majirani wa Tabata na wenzangu tunaokwenda nao Pugu Jumamosi, na kila mara nashangaa jinsi dakika tano za kupima zinavyomwokoa mtu na maumivu ya siku tatu. Naandika hatua zote hapa, kwa mpangilio ninaoufuata mwenyewe.

Kwa nini kiwiliwili, na kimo kina shida gani

Wengi wetu tukifika dukani tunauliza lita. Muuzaji naye anakutazama kimo, anakuchagulia. Lita zinakuambia begi linaingiza vitu kiasi gani. Kimo kinamsaidia fundi wa suruali. Havisemi kama mzigo utakukaa. Kinachosema ni kiwiliwili, yaani urefu wa mgongo wako kutoka shingoni hadi mfupa wa nyonga.

Kaka yangu ana sentimita 183, lakini urefu wake wote uko miguuni; kiwiliwili chake ni sentimita 46. Rafiki yake wa Ukonga ana sentimita 168 na kiwiliwili cha 50. Wakikaa kwenye benchi, yule mfupi ndiye anayeonekana mrefu. Basi begi la mgongo mrefu ni la huyo rafiki, na kaka yangu anavaa la wastani.

Ukilishika begi la safari ya miguu, lile ambalo waliopita JKT wanaliita shanta, utahisi kitu kigumu ndani ya mgongo wake. Hiyo ni fremu: aidha vyuma bapa vya alumini, au kipande kigumu cha plastiki, au vyote pamoja. Kazi yake ni kuuchukua uzito kutoka juu na kuushusha kwenye mkanda wa kiunoni, nao mkanda unaupumzisha juu ya mifupa ya nyonga. Sehemu kubwa ya mzigo inatakiwa iishie hapo. Mabega yanabaki na kazi ndogo ya kulizuia begi lisilalie nyuma. Mgongo wa begi ukiwa mrefu kuliko wako, mkanda wa kiunoni unateleza chini ya nyonga na mzigo wote unahamia mabegani, kama ulivyonipata mimi. Ukiwa mfupi, mkanda unapanda tumboni, unakubana kila unapovuta pumzi, na mabega yanavutwa chini vilevile.

Mtazame mama anayembeba mtoto kwa kanga. Anainama kwanza, mgongo unakuwa kama meza. Anamlaza mtoto juu yake na kumsogeza mpaka makalio ya mtoto yakae juu ya nyonga zake, ndipo anapitisha kanga na kuifunga kifuani kwa kukaza, bado ameinama. Kisha anasimama. Mtoto akishuka, hata kwa upana wa vidole vitatu, mama anajua ndani ya hatua kumi: anasimama, anainama tena, anamrusha juu kidogo, anakaza upya. Kila kitu kuhusu begi la mlimani kimo kwenye kitendo hicho, na nitakirudia mbele.

Hatua ya kwanza: pima

Unahitaji tepu ya fundi cherehani na mtu wa kukusaidia. Vaa fulana nyepesi. Simama wima kama unavyosimama siku zote, usijikaze kama askari kwenye gwaride, maana mgongo uliojikaza unaongeza sentimita ambazo hutakuwa nazo njiani.

Inamisha kichwa, kidevu kielekee kifuani. Pale shingo inapokutana na mabega kitatokeza kinundu cha mfupa. Hiyo ni pingili ya saba ya shingo. Kwa wengine vinatokeza vinundu viwili. Chukua kile kilichotokeza zaidi. Msaidizi aweke kidole hapo na asikiondoe, hata ukinyanyua kichwa.

Sasa shika kiuno kwa mikono miwili, vidole gumba vielekee nyuma, vingine mbele. Bonyeza kushuka kutoka ubavuni. Utapita nyama laini, kisha mikono itagota juu ya mfupa. Huo ni ukingo wa juu wa mfupa wa nyonga. Kwa mwenye nyama nyingi pale, bonyeza kwa nguvu kidogo zaidi, usikubali kukisia. Vidole gumba vyako viwili vinaelekeza mstari unaokatiza mgongoni, na mstari huo ndio mwisho wa kipimo.

Msaidizi ashushe tepu kutoka kwenye kinundu hadi kwenye mstari, ikilala juu ya uti wa mgongo na kufuata mbonyeo wake. Isivutwe ikaning'inia hewani. Pimeni mara tatu. Namba zikipishana kwa sentimita moja, chukua ya katikati. Zikipishana kwa tatu, kuna aliyehamisha kidole, anzeni upya.

Kama unaishi peke yako, nenda kwa fundi cherehani wa mtaani kwako. Mimi wangu ni mzee wa makamo mwenye kibaraza karibu na kituo cha daladala, na nilipomwendea mara ya kwanza nikamwomba anipime mgongo, alinipa sentimita 37. Nilipopimwa nyumbani ilikuwa 42. Alikuwa sahihi kwa kazi yake, kwa sababu fundi wa nguo anaishia kwenye kiuno, pale unapojikata, na pale ni juu ya mfupa wa nyonga. Kwa hiyo mwamkie, mweleze, kisha umwonyeshe kwa mkono wako mwenyewe: "Shikamoo mzee. Naomba unipime kuanzia kifupa hiki cha shingo mpaka hapa kwenye mfupa wa nyonga, si kiunoni." Ataelewa mara moja.

Hatua ya pili: igeuze namba kuwa saizi

Kila kampuni ina jedwali lake, na zinatofautiana, lakini kwa makadirio yanayosaidia: chini ya sentimita 40 ni saizi ndogo sana (XS), 40 hadi 45 ni ndogo (S), 45 hadi 50 ni ya kati (M), na kuanzia 50 kwenda juu ni kubwa (L). Mabegi kutoka Marekani huandikwa kwa inchi. Geuza tu tepu yako upande wa pili. Inchi 18 ni kama sentimita 46.

Herufi hiyo ya saizi hushonwa au kuchapwa kwenye mgongo wa begi au kwenye lebo ya ndani. Usiichanganye na namba ya lita. Begi la lita 50 linaweza kuwa S, na la lita 35 likawa L.

Yako mabegi ambayo mgongo wake unarekebishwa. Mikanda ya mabegani imeshikizwa kwa velkro au kwenye ngazi ya vitanzi, unaipandisha na kuishusha. Kama begi litavaliwa na zaidi ya mtu mmoja nyumbani, au ni la kijana ambaye bado anarefuka, tafuta la aina hii hata kama ni zito kidogo.

Mabegi yaliyoshonwa kwa ajili ya wanawake huwa na mgongo mfupi zaidi, mikanda ya mabegani iliyokaribiana na iliyopinda kukwepa matiti, na mkanda wa kiunoni uliokatwa kwa mshazari kufuata nyonga. Hayabagui. Mwanamume mwenye kiwiliwili kifupi na mabega membamba hukaa vizuri ndani yake.

Kuhusu lita nisikuchoshe: 20 hadi 30 zinatosha matembezi ya siku moja, 40 hadi 50 kwa usiku mmoja au miwili kule Lushoto au Uluguru, zaidi ya hapo ukibeba hema na chakula chako. Kwa Kilimanjaro mzigo mkubwa unabebwa na wagumu, yaani wapagazi, ambao kikomo chao ni kilo 20, na wewe unabaki na begi dogo la maji, koti na chakula cha mchana. Hata hilo dogo lipimie mgongo, kwa sababu utakuwa nalo tangu asubuhi hadi jioni.

Hatua ya tatu: sokoni

Dar es Salaam begi jipya la mlimani lenye saizi tatu zilizopangwa kwenye rafu ni adimu. Kariakoo mapya yapo kwa mamia, lakini mengi ninayoyakuta ni ya shule na ya safari za basi: mgongo ni sponji tupu, mkanda wa kiunoni ni utepe mwembamba usio na kitu ndani. Mimi nategemea mtumba. Karume pale Ilala, Manzese, Tandika. Begi zuri la miaka kumi lililoshonwa kwa ajili ya milima linashinda jipya la kuigiza, alimradi ujue pa kutazama.

Wahi asubuhi, siku wanayofungua belo. Muulize muuzaji kabla: "Kaka, mabegi ya mgongoni unafungua lini?" Ukishapata namba yake ya simu, ukamwambia unatafuta lenye mgongo wa sentimita 42, atakucheka siku ya kwanza, lakini siku ya tatu atakupigia.

Nenda na tepu yako mfukoni. Lebo za mtumba mara nyingi zimefutika au zimekatwa, na hapo ndipo tepu inapokuokoa. Pima mgongo wa begi kuanzia mahali mikanda ya mabegani inapoungana na begi hadi katikati ya sponji ya mkanda wa kiunoni. Mikanda huungana na begi chini kidogo ya usawa wa mabega, kwa hiyo urefu huo huwa pungufu ya kiwiliwili chako kwa sentimita chache. Ukizidi kiwiliwili, rudisha begi kwenye rundo hata kama rangi yake imekuita.

Kisha likague. Minya sponji ya mkanda wa kiunoni: inatakiwa irudi taratibu kama chapati moto ukiibonyeza kwa kidole. Ikivunjikavunjika ndani kama biskuti, imekwisha. Fungua na kufunga kila kifungio cha plastiki, usikilize kinavyolia. Kilichopasuka hulia kwa sauti butu. Vuta kwa nguvu pale mikanda ya mabegani ilipoungana na begi, ndipo uzito wote unaponing'inia, utazame kama nyuzi zinaachia.

Halafu tia mkono ndani, usugue kitambaa. Hili wengi hawalijui. Ndani ya begi hupakwa utando wa kuzuia maji, na utando huo huoza kwa unyevu. Ukihisi kitambaa kinanata kama kimemwagikiwa soda, au kinabanduka magamba meupe, na kina harufu ya kukera kama matapishi ya mtoto, achana nalo. Joto na unyevunyevu wa Pwani utaongeza tu, na hakuna sabuni inayoiondoa harufu ile. Nimewahi kujaribu sabuni ya unga, magadi, limao na jua la wiki nzima.

Hatua ya nne: livae likiwa na uzito

Begi tupu linamkaa kila mtu. Usilipe kabla ya kulivaa likiwa na kilo saba hadi tisa ndani. Sokoni mwombe muuzaji alijaze suruali za jinzi kutoka meza ya jirani; kumi na mbili zinakaribia kiasi hicho, na wauzaji wengi wanacheka na kukubali. Nyumbani, chupa sita za maji za lita moja na nusu ni kilo tisa kamili. Unga wa sembe wa kilo tano, mifuko miwili, unafanya kazi hiyohiyo. Weka kizito karibu na mgongo, katikati ya begi. Ukikiweka chini kabisa au nje kwenye mfuko wa mbele, begi litakuvuta nyuma na utalilaumu bure.

Sasa fuata mpangilio huu, usiuruke.

Legeza mikanda yote. Yote kabisa.

Livae, kisha inama kidogo mbele kama yule mama mwenye kanga. Lirushe juu kidogo mpaka katikati ya sponji ya mkanda wa kiunoni ikae juu ya ukingo wa mfupa wa nyonga, ule uliouhisi wakati wa kupima. Funga mkanda ukiwa bado umeinama, kaza, ndipo usimame. Nusu ya sponji iwe juu ya mfupa, nusu chini. Tazama mbele: sponji mbili za kushoto na kulia zisikutane. Zikigusana baada ya kukaza, mkanda ni mkubwa kwako. Zikiishia ubavuni bila kufika mbele ya mifupa, ni mdogo.

Kabla hujagusa mikanda ya mabegani, ingiza vidole chini yake. Begi linatakiwa liwe limeshakaa kwenye nyonga, mabega yako huru. Kama sivyo, rudia.

Vuta sasa mikanda ya mabegani, kuelekea chini na nyuma, mpaka iyakumbatie mabega bila kubana. Hapa ndipo mgongo wa begi unapojieleza. Mwombe mtu akupige picha ya ubavuni kwa simu. Mkanda unatakiwa ulale juu ya bega, uzunguke, uteremke nyuma yake na kuungana na begi sentimita tatu hadi tano chini ya kilele cha bega. Kukiwa na uwazi wa kupitisha vidole kati ya bega na mkanda, begi ni refu. Mkanda ukiungana na begi chini sana, katikati ya makombe ya mabega, ukawa unavuta kwa nyuma, begi ni fupi. Picha haidanganyi, kioo kinadanganya, maana ukigeuka kujitazama mgongo unajipinda.

Juu ya mabega, kwenye mabegi mengi makubwa, kuna vikanda viwili vidogo vinavyotoka kwenye mikanda na kupanda hadi juu ya begi. Kazi yake ni kulivuta begi lisikae mbali na mgongo. Vikiwa vimekaa sawa vinapanda kwa mshazari wa nyuzi kama 45. Vikilala bapa, au vikishuka kwenda nyuma, begi ni fupi kwako. Vivute kidogo tu, usivikaze kama kamba ya mbuzi, kwa sababu vikikazwa sana vinaurudisha mzigo mabegani.

Mwisho ni mkanda wa kifuani. Uwe vidole viwili chini ya mitulinga, uvutwe kiasi cha kuisogeza mikanda ya mabegani isiteleze. Vuta pumzi ndefu, usikuzuie.

Tembea nalo dakika kumi na tano. Panda ngazi. Nyanyua goti juu, inama uokote kitu, geuza kichwa utazame angani. Kama kisogo kinagonga begi, au paja linagota kwenye mkanda, bora ujue ukiwa Ilala kuliko ukiwa msituni.

Neno moja kuhusu yale mabegi yenye wavu mgongoni, yanayoacha nafasi hewa ipite. Kwa joto letu yanavutia sana, na jasho kweli linapungua. Lakini yanausogeza mzigo mbali na mwili, na kadiri mzigo unavyokuwa mzito ndivyo unavyokuvuta nyuma. Kwa matembezi ya siku moja nayapenda. Kwa kilo kumi na mbili nachagua kulowa.

Fundi anaweza nini

Zipu mpya, kifungio kipya, kuongezea sponji kwenye mkanda, kushona upya pale nyuzi zilipoachia: fundi wa mabegi anafanya vizuri, na mara nyingi unasubiri hapohapo. Mkanda wa kifuani ukiwa haupo, anautengeneza kutoka kwenye begi bovu. Usimpe kazi ya kuhamisha mahali mikanda ya mabegani inapoungana na begi ili kufupisha mgongo. Mahali pale pameshonwa kwa tabaka kadhaa na kushikamana na fremu. Akikata, begi halitarudi kwenye nguvu yake, na litakuachia siku ukiwa mbali.

Hatua ya tano: Pugu, kabla ya kwingine

Lijaze kama utakavyolijaza safarini. Kwa safari ya kulala njiani, jaribu usivuke sehemu moja ya tano ya uzito wako: mtu wa kilo 60 abebe 12. Nenda kwenye msitu wa Pugu na Kazimzumbwi, upande wa Kisarawe, utembee saa mbili au tatu. Usipopata nafasi, mchanga mkavu wa Coco Beach asubuhi na mapema unachosha miguu vya kutosha.

Begi la mgongo wako linaonekana ukifika nyumbani. Vua fulana ujitazame kwenye kioo. Alama nyekundu nyepesi juu ya nyonga zote mbili, zilizolingana, ni dalili njema. Alama juu ya bega moja tu maana yake hukukaza sawa. Alama ya mkwaruzo chini ya kwapa, mikanda ni mipana kwa mabega yako au imeungana chini mno. Maumivu ya shingo upande wa nyuma, rudi kwenye mkanda wa kiunoni; karibu kila mara ulikuwa umelegea bila wewe kujua, kwa kuwa mwili unapungua kidogo kiunoni ukishatokwa jasho. Mimi nakaza upya kila saa.

Ukishapata mkao unaokutosha, chukua rangi ya kucha uweke nukta kwenye kila utepe pale unapoishia kwenye kifungio chake, na kwenye ngazi ya mgongoni kama begi linarekebishwa. Ndani ya kifuniko andika kwa kalamu ya wino usiofutika: kiwiliwili 42. Ndugu akiliazima kwenda Lushoto akalirudisha limevurugwa mikanda yote, utalirudisha kwenye mgongo wako kwa dakika moja.